Nani Anamfundisha Tabibu wa Kakesio?

Kakesio ni kata ya pembezoni katika Tarafa ya Ngorongoro, kusini-magharibi mwa hifadhi, ukishapita Endulen na Laetoli, ikipakana na upande wa Meatu na Maswa. Mgonjwa anayezidiwa huko hupelekwa kwanza Endulen, kwenye hospitali ya Kanisa Katoliki. Ikishindikana, gari hupanda hadi ukingo wa kreta, hushuka lango la Lodoare na kufika Karatu. Masika yakikolea, hakuna anayeweza kuahidi saa ya kufika. Kwa hiyo uamuzi wa mtu wa kwanza kumwona mgonjwa, awe tabibu, muuguzi au mkunga, una uzito zaidi kuliko karibu kila kitakachofanywa baadaye. Akikosea kutambua ugonjwa, au akichelewa kuandika rufaa, bingwa wa Karatu au Moshi atapokea mgonjwa ambaye nafasi yake imeshapita.

Suala la kuwafundisha madaktari na matabibu kazini huwa tunalitazama kutokea hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC au Bugando. Tunauliza maprofesa ni wangapi, vitanda ni vingapi, wanafunzi wangapi wamefaulu. Ukilitazama kutokea Kakesio, swali linabadilika: huyu aliyepangiwa zahanati ya mbali alifundishwa kuamua, au alifundishwa kutekeleza yaliyokwisha kuamuliwa na wengine? Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya ufundishaji wa wodini hapa nchini humwandaa mtu wa kufuata raundi. Haimwandai mtu wa kubaki peke yake saa nane usiku. Tena mbinu za kurekebisha jambo hili zinajulikana, hazihitaji fedha nyingi, na mojawapo ya zile zilizopimwa vizuri zaidi duniani ilipimwa jirani kabisa, Haydom.

Kwanza tuwatazame wanaofundisha. Mwanafunzi wa udaktari Tanzania husoma miaka mitano, kisha hufanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akizunguka magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi. Tabibu ngazi ya stashahada husoma miaka mitatu. Wote wawili hupita wodini, na huko wodini anayewafundisha kwa saa nyingi si profesa. Ni daktari anayesomea ubingwa, ni intani aliyewatangulia kwa mwaka mmoja, ni muuguzi mkongwe wa zamu ya usiku. Wengi wao hawajapewa hata siku moja ya mafunzo ya kufundisha. Tumechukulia kwamba anayejua kutibu anajua na kufundisha kutibu, na dhana hiyo haina msingi. Bingwa mzuri mara nyingi hufikiri kwa kasi ambayo yeye mwenyewe haioni: anamtazama mgonjwa, anashika mkono, anasema “huyu ana usaha kwenye mapafu, leteni sindano.” Wanafunzi wanaona sindano na usaha. Hawajaona njia iliyompeleka huko, kwa sababu haikutamkwa.

Kila aliyepita hospitali kubwa anaijua raundi. Bingwa yuko mbele, wasaidizi wake wanamfuata na faili mikononi, wanafunzi wamejazana nyuma. Waliosimama mwisho hawasikii. Swali linatupwa: taja sababu saba za ini kuvimba. Mmoja anataja nne, anaambiwa arudi kusoma, msafara unahamia kitanda kingine. Kilichopimwa hapo ni kumbukumbu. Mgonjwa mwenyewe, ambaye ini lake limevimba kwa sababu moja tu, hakuhitajika kwenye mazungumzo hayo. Orodha ile ingeweza kusomwa bwenini.

Athari yake si ya kubuni. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, na matokeo yakachapishwa 2013. Madaktari waliandika malaria kuwa ndiyo chanzo cha homa kwa wagonjwa 528, zaidi ya nusu. Vipimo makini vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, leptospirosi, homa ya Q, bruselosi. Magonjwa kadhaa kati ya hayo hutoka kwa mifugo. Hao waliotibiwa malaria wasiyokuwa nayo walikuwa mkoa wa Kilimanjaro, karibu na chuo kikuu cha tiba. Madaktari waliowaandikia hawakuwa wavivu wala wajinga. Walikuwa wamezoea kwamba homa ni malaria, na hakuna aliyekuwa akisimama kando yao kila siku akiuliza: unajuaje?

Swali hilo fupi ndilo kiini cha mbinu ambayo madaktari wa familia wa Marekani, Jon Neher na wenzake, waliielezea mwaka 1992, ambayo wafundishaji huiita ya dakika moja. Mwalimu humtaka mwanafunzi atoe uamuzi wake kwanza; kisha aeleze ushahidi anaoutegemea; kisha mwalimu afundishe kanuni moja tu, si kumi; amwambie alichofanya sawasawa; na asahihishe kosa. Ukiisoma karatasini inaonekana jambo dogo. Hebu tuipeleke kwenye wodi ya wanaume ya hospitali inayohudumia wafugaji, tuseme asubuhi ya kazi nyingi, intani akiripoti.

“Dokta, huyu mzee ana homa wiki ya tatu sasa. Mgongo unamuuma, usiku anatoka jasho. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu.”

“Ungekuwa zamu peke yako, ungesema ana nini?”

“Ningeanza dawa ya malaria. Pengine kipimo kimekosea.”

“Nini kinakufanya uamini malaria kuliko kipimo?”

“Homa, Dokta.”

“Homa tunayo. Ulimuuliza kuhusu maziwa? Mbuzi wanapozaa, nani anawasaidia?”

“Sijamuuliza.”

“Umefanya vizuri kumpima kabla ya kumpa dawa, na umeuliza jasho la usiku. Sasa shika hili: homa ya wiki tatu yenye maumivu ya mgongo kwa mfugaji, fikiria bruselosi na TB ya uti wa mgongo kabla hujafikiria kwamba kipimo kimekosea. Rudi kamuulize, kisha gonga uti wa mgongo pingili kwa pingili uniambie anashtuka wapi.”

Haya yamechukua dakika mbili. Mwalimu hakuacha kazi akatoa mhadhara. Aligundua mahali hasa fikra za mwanafunzi zilipokwama, jambo ambalo asingelijua kama angejibu mwenyewe mara moja. Mwanafunzi naye amelazimika kusimama kwenye uamuzi wake. Wengi huogopa hatua hiyo ya kwanza. Wanasema kumtaka kijana aamue kabla hajajua ni kumwonea. Nadhani kinyume chake ndicho kibaya: kumwacha mwaka mzima akisubiri mkubwa aamue, kisha kumpeleka mahali ambapo hakuna mkubwa.

Kwa kazi za mikono kuna utaratibu mwingine, unaojulikana kwa jina la Peyton, daktari wa upasuaji wa Uingereza. Mwalimu hufanya tendo lote kwa kasi ya kawaida bila maelezo. Hulirudia polepole akieleza. Kisha mwanafunzi ndiye anayeeleza hatua kwa hatua huku mwalimu akifanya. Mwisho mwanafunzi anafanya akieleza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye faida kubwa, kwa maana mwanafunzi hulazimika kuona tendo zima kichwani kabla mikono haijamgusa mgonjwa. Anayejua kwamba atapaswa kumweleza mwalimu jinsi ya kutoa kondo la nyuma kwa mkono huangalia tofauti kabisa na anayesimama tu pembeni.

Sasa twende Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilianza 1955, iko Mbulu, kusini mwa Karatu, na huhudumia Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe na wengine wengi. Aprili 2010 wakunga na wahudumu wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua: kumkausha, kumsugua, kusafisha njia ya hewa, na asipoitikia kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Walifanya mazoezi kwa mwanasesere. Miezi saba baadaye walipimwa tena, na kwa mwanasesere walikuwa wamepanda sana. Kwa mpango wa kawaida habari ingeishia hapo: vyeti vimetolewa, posho zimelipwa, ripoti imeandikwa.

Lakini Haydom kulikuwa na watu wasiotosheka na ripoti. Daktari Hege Ersdal kutoka Norway, Estomih Mduma na wenzao walikuwa na wachunguzi waliokaa chumba cha kujifungulia, mchana na usiku, wakiandika kila mtoto alihudumiwaje. Ilipolinganishwa kabla na baada ya ile siku moja ya mafunzo, huduma kwa watoto halisi haikuwa imebadilika. Ujuzi ulibaki kwenye mwanasesere. Naona kuchapisha matokeo hayo kuwa tendo la uaminifu mkubwa, kwani ni rahisi sana kuonyesha alama za mtihani na kunyamazia mengine.

Mwaka 2011 wakabadilisha mtindo. Mwanasesere aliwekwa pale pale leba, na wafanyakazi wakafanya zoezi fupi la dakika tatu hadi tano kila wiki, wakiwa kazini, pamoja na marudio ya dakika 40 hivi kila mwezi, wakiongozwa na wenzao wa hapo hapo. Katika mwaka uliofuata, watoto waliosuguliwa na kusafishwa njia ya hewa waliongezeka, waliohitaji kupuliziwa hewa wakapungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, na vifo ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Hakukuletwa mashine mpya wala bingwa wa watoto wachanga. Kilichobadilika ni mahali, muda, na marudio ya kufundisha.

Msomaji makini atasema kuna utafiti mwingine wa wakati huo huo, wa hospitali nane za Tanzania, ulioongozwa na Daktari Georgina Msemo na kuchapishwa 2013, ambao ulikuta mpango ule ule wa kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua ukipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47. Sioni kwamba matokeo hayo yanalipinga somo la Haydom. Mpango wa kitaifa wenye vifaa, ufuatiliaji na ukusanyaji wa takwimu ni zaidi ya kozi ya siku moja. Lililoonekana Haydom ni kwamba kozi yenyewe, ikitengwa na hayo mengine, huenda isifike kitandani. Wazo la mazoezi ya mara kwa mara likaendelea kukua, na Februari 2025 jarida la tiba la New England likachapisha matokeo kutoka vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, yaliyoongozwa na Benjamin Kamala: vifo vya watoto wakati wa uchungu na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Humo pia nguzo ilikuwa wafanyakazi wa kituo wenyewe waliofundishwa kuwafundisha wenzao.

Nimeikalia Haydom kwa sababu inavunja mazoea yetu mawili. Tumezoea kumtoa mfanyakazi kituoni, kumpeleka hotelini Arusha siku tatu, na kumrudisha na cheti. Zahanati yenye watu wawili hubaki na mmoja, na aliyerudi hana wa kurudia naye alichojifunza. Zoea la pili ni kudhani kwamba mafunzo ni kitu anachopewa mtu mmoja mmoja, ilhali mtoto asiyepumua huokolewa na timu: mmoja anasugua, mwingine anashika mfuko, wa tatu anamwangalia mama asivuje damu. Ifakara, katika Hospitali ya Mtakatifu Francis, walipoanza kuwaandaa madaktari wasaidizi kwa miezi mitatu ili wafanye upasuaji wa dharura wa uzazi katika vituo vya afya, waliwachukua pamoja na wauguzi na wakunga watakaofanya nao kazi. Jambo hilo lina mantiki ambayo kozi zetu nyingi hazina.

Hapo linaingia suala la kumwachia mwanafunzi kazi. Utafiti wa Mwanza na Kigoma uliochapishwa 2009 ulionyesha kwamba upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi haukuwa na tofauti ya maana ya ubora na ule wa madaktari wenye shahada. Ujuzi wa aina hiyo hupatikana kwa kushika kisu huku mkubwa amesimama karibu, kisha amesimama mlangoni, kisha yuko nyumbani kwake na simu imewashwa. Kila hatua huhitaji mwalimu anayemtazama mwanafunzi kweli, akajua leo yuko wapi. Intani anayeachiwa wodi siku ya kwanza hajaaminiwa, ametelekezwa. Na yule anayeshikiliwa hadi siku ya mwisho ataanza kujifunza uamuzi siku atakapokuwa hana mwalimu, kwa gharama ya mgonjwa.

Mrejesho ndio eneo lenye majeraha mengi zaidi. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Jack Ende, aliandika makala ambayo bado inasomwa na wafundishaji wa tiba, akisisitiza kwamba mrejesho ni taarifa kuhusu tendo lililoonekana, wala si hukumu juu ya mtu. Wodini kwetu mstari huo huvukwa kila siku. “Nani alikufundisha wewe?” si mrejesho. “Hufai kuwa daktari,” mbele ya mgonjwa na wauguzi, si mrejesho. Wapo wanaotetea ukali huo wakisema nao waliupitia na wakawa madaktari hodari. Inawezekana waliimarika, lakini hawatuhesabii wale waliojifunza kuficha. Mwanafunzi aliyeaibishwa kwa kukiri kwamba hakupima presha, kesho ataandika presha ambayo hakuipima. Mwanamke mjamzito mwenye kichwa kinachouma na presha ya kubuni kwenye kadi yake anaweza kufa kwa kifafa cha mimba kabla mtu yeyote hajagundua.

Ukali unaumiza zaidi katika jamii zenye heshima ya rika kama zetu, ambako mdogo hamkosoi mkubwa. Mwanafunzi akiona bingwa amesahau kuuliza mzio wa dawa, atanyamaza. Muuguzi mwenye miaka 20 kazini akiona intani anakosea kipimo cha dawa, naye huenda akanyamaza kwa sababu huyo ni daktari. Heshima hiyo sitaki ivunjwe, ina thamani yake. Mwalimu ndiye mwenye uwezo wa kuifungua njia bila kuivunja, kwa kusema waziwazi: “Hapa sina hakika, tuangalie mwongozo,” au “Sista, wewe umekesha naye wodini, umeona nini?” Mwanafunzi anayemsikia mkubwa wake akisema hivyo atapata ujasiri wa kupiga simu Endulen usiku na kuuliza, badala ya kubahatisha.

Kisha kuna mgonjwa mwenyewe, ambaye vitabu vingi vya ufundishaji humtaja kwa haraka. Ngorongoro mwanafunzi amesoma tiba kwa Kiingereza, anazungumza na wenzake Kiswahili, na mama aliyelala mbele yake anazungumza Kimaa. Anayetafsiri mara nyingi ni ndugu aliyemsindikiza, pengine mume au mtoto wa kiume, naye anaulizwa maswali ya hedhi na uchafu ukeni. Historia inayopatikana hapo haiwezi kuaminika, na hakuna mtihani wa chuo unaomuuliza mwanafunzi atafanyaje. Kufundisha kando ya kitanda hapa maana yake ni kumwonyesha kijana jinsi ya kusalimia kwanza, kumwita mama “yeyo” kama anavyoitwa kwao, kumtafuta mtafsiri mwanamke, kutoa sentensi fupi na kumtazama mgonjwa badala ya mtafsiri. Ni kumwomba ruhusa kabla wanafunzi sita hawajamgusa tumbo. Mwalimu asipoyafanya haya, anafundisha vilevile: anafundisha kwamba si lazima.

Karatu kuna mfano mmoja unaostahili kuangaliwa. Hospitali ya FAME, ambayo ilifungua kliniki yake 2008 chini ya Daktari Frank Artress na Susan Gustafson kutoka Marekani, hupokea madaktari wa kujitolea, wakiwemo wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Ziara za aina hii zina thamani pale mgeni anapomwona mgonjwa pamoja na daktari Mtanzania, huyu akizungumza na mgonjwa na wote wawili wakifikiri kwa sauti. Mgeni akiondoka, uwezo wa kutofautisha kifafa na kuzirai hubaki Karatu. Mgeni anayemwona mgonjwa peke yake, akaagiza kipimo ambacho hapa hakipo, amehudumia siku hiyo tu.

Yote haya yanadai muda, na hapo lawama haiwezi kuwekwa juu ya daktari peke yake. Mtu mwenye wodi mbili, zahanati za kusimamia na zamu za usiku atafundisha kwa kile kilichobaki. Wilaya ya Ngorongoro yenyewe makao yake yako Loliondo, kaskazini ya mbali. Anayetoka huko kwenda kusimamia Kakesio anavuka nyanda nzima. Tangu 2022, wakazi walipoanza kuhamishiwa kijiji cha Msomera, nje ya hifadhi, na safari za ndege za tiba za Flying Medical Service zikasimamishwa, huduma za tarafa hii zimekuwa katika mvutano, na wafanyakazi wasiojua kesho yao hawawezi kujenga timu ya kufundishana. Sisemi haya kuamua suala la hifadhi. Nasema kwamba maadamu kuna watu wanaozaa na kuugua Kakesio, kuna mtu lazima awahudumie, na mtu huyo anahitaji mwalimu hata baada ya kupata cheti.

Kuna jambo linaloweza kuanza bila kusubiri bajeti. Wanafunzi na maintani wana kitabu ambamo husainiwa idadi ya kazi walizofanya: kuzalisha mara kadhaa, kushona, kusaidia upasuaji. Saini hiyo inasema mtu alikuwepo. Kiongezewe sehemu ambamo mwalimu anaandika, kwa wagonjwa wachache tu, uamuzi gani mwanafunzi alitoa kabla ya kuambiwa, alitoa ushahidi gani, na kama mwalimu angemwachia afanye tena bila kusimamiwa. Halafu kitabu hicho kisomwe na anayempangia kituo, kabla hajampa barua ya kwenda mahali asikoweza kumfikia mtu wa kumuuliza.